Wimbo Niliomtungia Chrispine

Chrispine Odira aliponiacha hakuondoka na moyo wangu peke yake. Aliondoka na muziki wangu pia. Moyo ningeweza kumsamehe. Wengi huachwa, wakalia, wakaendelea na maisha. Lakini muziki wangu ulipigwa Nairobi na fidla ishirini, kwaya ya watu sitini, na mtangazaji wa redio akasema, "Hiyo ilikuwa Kantata ya Mto Kuja, kazi ya mtunzi kijana kutoka Homa Bay, Chrispine Odira." Nilikuwa katika chumba cha walimu, nimeshika kikombe cha chai. Kantata ile niliitunga mimi, Bhoke binti Mniko, Mkuria wa Kehancha, kwa miaka mitatu. Yeye kazi yake ilikuwa kunakili, kwa sababu alikuwa na mwandiko mzuri na mimi nilikuwa mchumba wake.

Hiyo ilikuwa mwaka 1992. Niliandika barua kwa waandaaji. Wakanijibu kwa heshima kwamba nakala waliyo nayo ina jina lake na mwandiko wake. Rasimu zangu zote alikuwa nazo yeye.

Kwa hivyo, aliposimama mlangoni pangu hapa Migori, Jumatano moja ya Mei 1996, sikushtuka sana. Miaka minne nilikuwa nimeongea naye kichwani kila siku.

Nilikuwa nachora mistari. Karatasi za muziki haziuzwi Migori, basi fundi mmoja alinifungia kalamu tano kwenye kijiti, nikivuta mara moja napata mistari yote mitano. Wino ulikuwa umenijaa vidoleni.

"Bado unachora kwa mkono," akasema.

"Unataka nini, Chrispine?"

"Hata kiti hunipi?"

"Kiti kiko hapo. Hakuna aliyekizuia."

Akaja akiburuta kidogo mguu wa kulia, kama zamani, akaketi. Alikuwa amenenepa kidogo, na shati lake lilikuwa limepigwa pasi na mtu anayempenda. Macho yalikuwa yale yale, yale ya kukutazama kana kwamba ni wewe tu uliyebaki duniani. Nikatazama karatasi.

"Kanisa letu linatimiza miaka hamsini mwezi wa nane," akaanza. "Wanataka misa mpya kabisa. Kwaya ya watu arobaini, fidla sita kutoka Kisumu, nyatiti, ngoma. Nimewaambia nitatunga."

"Basi tunga."

Akazungusha kofia mikononi. Nje wanafunzi wa darasa la tano walikuwa wakikariri jedwali la saba, nikawasikiliza mpaka wakafika mwisho.

"Siwezi," akasema.

"Sema tena."

"Bhoke, tafadhali."

"Sema tena, Chrispine. Nimengoja miaka minne, sikusikia vizuri."

"Siwezi!" Sauti ikampasuka. "Nimekaa miezi mitatu mbele ya kinanda. Kila ninachoandika ni kitu nilichokisikia mahali. Kila mtu ananiita mtunzi, hata mama yangu, na mimi sina hata mistari miwili. Nisaidie. Safari hii jina lako litakuwa la kwanza kwenye programu, kwa herufi kubwa. Naapa kwa mama."

"Mama yule aliyesema nyumba yake haitaongea Kikuria?"

"Mama amebadilika."

"Na Beverly? Naye amebadilika?"

Akainua macho haraka. "Nani amekuambia habari za Beverly?"

"Homa Bay si Ulaya. Ndoa ni lini?"

"Desemba." Kisha akafanya kitu ambacho hakupaswa kufanya. Alinyoosha mkono, akashika vidole vyangu vyenye wino, akavigeuza polepole kama mtu anayesoma. "Lakini sijawahi kumsikiliza mtu nilivyokusikiliza wewe. Hilo Beverly hawezi kulijua, na mimi siwezi kulisahau."

Niliuvuta mkono wangu. Sikuuvuta mapema vya kutosha. Usiku ule nilijichukia kwa zile sekunde tatu.

"Nitakutungia," nikasema.

Akapumua kama mtu aliyetua gunia. "Mungu akubariki. Kitu kimoja tu. Wageni kutoka Kuria watakuja, mabasi mawili mazima, katekista wao ni Mzee Nchagwa. Weka wimbo mmoja wa Kikuria, iwe heshima kwao."

"Kwaya yako inajua Kikuria?"

"Hata mmoja hajui. Watakariri tu kama watoto. Muziki ukiwa mtamu, nani atauliza maneno?"

Nilivuta karatasi safi, nikachora mistari mitano kutoka ukingo hadi ukingo.

*

Nilifanya kazi ile kwa miezi miwili na nusu. Niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikaandika mpaka kengele ya shule, nikafundisha, nikarudi kuandika. Sina kinanda cha maana. Ninasikia sauti zote kichwani, kisha naziimba moja moja nikitembea kuelekea mtoni, soprano nikienda, besi nikirudi, na watu wa njia ile wamezoea kusema mwalimu ameanza tena. Nimeunguza maharagwe mara sita kwa ajili ya ile sehemu ya "Utuhurumie". Fidla nilizipa milio ya kukwaruza kama orutu, zile fidla za uzi mmoja za wazee wa Kijaluo, chini yake nikaweka mdundo wa iritungu, kinanda cha nyuzi cha kwetu ambacho babu yangu alikipiga.

Ningeweza kumtungia kitu kibovu kikamwaibisha. Sikuweza. Mkono wangu ulikataa. Na zaidi ya hapo, nilitaka siku ile watu wapende kila sauti, wampigie makofi, wamwinue juu kabisa, ndipo aanguke kutoka mahali pa kutosha.

Kila Jumamosi ya pili alikuja kuchukua kurasa. Alileta sukari, alileta samaki. Jumamosi moja tulikuwa tunaijaribu "Mtakatifu", mimi alto na yeye tenor, vichwa vyetu vimeinamia karatasi moja. Tulifika mahali ambapo sauti zile mbili zinasogeleana, zinagusana, halafu zinaachana. Tuliimba mpaka hapo, yeye akaweka kidole kwenye karatasi.

"Hapa uliandika juu yetu," akasema taratibu.

"Niliandika tenor na alto."

"Bhoke, nikimwambia Beverly hapana... ungenirudia?"

Pumzi yake ilikuwa shavuni pangu. Wimbo wa Kikuria ulikuwa tayari umefichwa chini ya godoro. Wakati ule ningeutoa na kuuchana.

"Mwambie kwanza," nikasema. "Halafu uje uniulize."

Akacheka kidogo, akatazama saa yake. "Si mambo ya haraka hayo. Tumalize misa kwanza."

Nikasimama, nikaenda chumbani, nikautoa wimbo chini ya godoro, nikampa.

Ulikuwa wimbo mzuri kuliko yote niliyowahi kuandika. Maneno nilikuwa nimeyakata silabi silabi na kuyanyoosha juu ya nota nyingi, bila herufi kubwa, na yeye alitazama nota tu. Akaupitia kwa solfa, do-re-mi, kwa sauti ya chini, uso ukang'aa. "Huu! Huu watalia! Maneno yanasema nini?"

"Ni ya kumtaja aliyetunga yote haya."

"Amina," akasema, akaukunja, akautia mfukoni. "Hii beti ya kuimbwa na mtu mmoja nitampa Beverly."

"Uimbwe mwisho kabisa," nikamwambia. "Baada ya baraka. Usiuweke ndani ya misa." Mimi ni Mkristo. Nilikuwa na hasira, lakini altare sikutaka kuigusa.

*

Jumapili ya sherehe nilifika Homa Bay mapema, nimevaa gauni langu la kijani. Njia nzima kutoka Rongo nilikuwa nimejiambia jambo moja. Nikikuta jina langu kwenye programu, hata kwa herufi ndogo, nitamtafuta Boaz, mwenyekiti wa kwaya, nimwambie wimbo wa mwisho uachwe. Nitarudi nyumbani na siri yangu.

Mlangoni msichana mwenye skafu ya bluu akanipa programu. Nikaifungua.

Ukurasa wa kwanza: Misa ya Jubilei. Mtunzi na mwongozaji, Mwalimu Chrispine Odira.

Ukurasa wa mwisho, chini ya majina ya akina mama waliopika na vijana waliofunga mahema: Bi. Bhoke wa Migori, kwa kunakili nota.

Nikaikunja. Nikaingia, nikaketi upande wa nguzo, nyuma ya watu wetu wa mabasi mawili.

Siwezi kusimulia misa ile bila kulia hata leo. Ndiyo mara ya kwanza niliusikia muziki wangu kwa masikio, si kichwani. Walipofika "Utuhurumie", mwanamke mmoja wa Kijaluo mbele yangu alishika kifua. Chrispine aliongoza vizuri, lazima niseme. Mikono yake ilikuwa ya kupendeza. Mama yake, Mama Marcella, alikuwa benchi la mbele amevaa kilemba cheupe, na kila wimbo ulipoisha aligeuka kutazama watu, ili waone kwamba yeye ndiye mama wa mtunzi.

Baraka ikatolewa. Chrispine akawageukia watu, akatabasamu. "Sasa, kwa heshima ya ndugu zetu wa Kuria, wimbo wa lugha yao!"

Makofi. Akainua mikono.

Kwaya ikaimba, sauti nne, laini kama maziwa, matamshi ya Kikuria yamekaririwa vizuri kabisa, na maana yake ilikuwa hii:

*Huyu mnayemwona akipunga mikono hakutunga wimbo huu. Wala hakutunga ule uliompa jina.*

Mbele yangu Mzee Nchagwa, aliyekuwa akitikisa kichwa kwa furaha, aliacha kutikisa.

Beverly akatoka mbele. Msichana mrembo, shingo ndefu, sauti safi ya kuogopesha. Akaimba peke yake, macho juu:

*Aliuchukua kwa Bhoke binti Mniko wa Kehancha, aliyemwamini kama mume.*

Na kwaya nzima ikamjibu: *Mtazameni usoni. Mwambieni arudishe kitu cha mwenyewe.*

Upande wetu vichwa vikageukiana. Kisha mtu akacheka, akajizuia. Kisha mama mmoja akapiga kigelegele, mwingine akampokea, mabenchi sita yakasimama. Wazee waligongana mabega. Mtu akapaza sauti kwa Kikuria, "Mtazameni kweli!" Chrispine akasikia kelele, akaona watu wamesimama, macho yakamjaa machozi ya furaha. Akapiga vidole kwa kwaya.

"Wameupenda! Rudieni kutoka mwanzo!"

Wakarudia wote, na safari hii kwa nguvu zaidi.

Nilikuwa nimeota siku ile kwa miaka minne, na haikunipunja hata kidogo.

*

Ilikuwa nje, kando ya tangi la maji, ndipo Mama Marcella aliponikuta. Alikuwa na Beverly, na Chrispine nyuma yao bado anashikwa mikono na watu. Mzee Nchagwa alikuwa amesimama karibu yangu, hakutaka kuondoka.

"Nyar Kuria," mama akaniita, binti wa Kuria, kama zamani. "Ni wewe kweli?"

"Ni mimi, mama. Habari ya siku nyingi."

"Watu wenu wanacheka nini? Nimewauliza wawili, wananitazama tu kwa huruma. Mimi ni mtu wa kuhurumiwa leo?"

"Muulize mwanao, mama. Ndiye mtunzi."

Chrispine alikuwa amefika. "Mama, twende. Askofu anatungoja kwa chakula."

"Askofu atakula. Chris, wimbo ule unasema nini?"

"Ni sifa, mama. Unamtaja Muumba."

"Haumtaji Muumba," nikasema. "Nilikuambia unamtaja aliyetunga. Hukuuliza ni nani."

Nikamwambia mama maneno yote, mstari kwa mstari, kwa Kiswahili, taratibu, ili asikose hata moja. Nilipofika kwenye jina langu nilisita, nikalianza upya. Uso wa Chrispine ulipoteza rangi kuanzia midomoni.

"Anadanganya," akasema. "Mama, ana wivu kwa sababu ya Beverly. Aliyaweka hayo kunichafua."

"Aliyaweka, ndiyo," Mzee Nchagwa akasema. "Lakini mwalimu, wewe umeyapokeaje bila kujua? Mtu hutunga wimbo asijue unasema nini?"

Mama Marcella alimgeukia mwanawe. Nilidhani atanitukana. Alifanya jambo ambalo hata mimi, kwa hasira zangu zote, sikuwa nimelifikiria.

"Nyathina, mwanangu," akamwambia kwa sauti ya chini. "Tunga wimbo sasa hivi."

"Mama?"

"Mdogo tu. Wa kunikaribisha mimi nyumbani. Mistari miwili. Wewe si mtunzi? Nimeliambia soko zima wewe ni mtunzi. Imba, nisikie."

Chrispine akafungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa pumzi. Akajaribu tena, akaanza kitu, na hata mama yake akakitambua kwamba ni wimbo wa chekechea.

Mama alivua kilemba chake cheupe, akakikunja, akakitia kwapani, akaondoka peke yake kuelekea barabarani. Hakunitazama. Sijui kama ningetaka anitazame.

Sasa nikabaki na Beverly, na hapo utamu ukaniishia kidogo. Kwa maana yeye hakunikosea kitu.

"Beti yangu," akasema. "Ile niliyoifanyia mazoezi mbele ya kioo wiki nne. Ndiyo yenye jina lako?"

"Ndiyo. Nisamehe, dada. Ni yeye aliyekuchagua, lakini ningeweza kukataa."

Alikuwa analia, ila bila kelele. Akajifuta kwa nyuma ya mkono.

"Ungeniambia tu," akasema. "Ningeimba kwa Kijaluo, kanisa lote lielewe mara moja."

Akampita Chrispine kama mtu anayepita nguzo ya simu.

Boaz, mwenyekiti wa kwaya, alikuja mbio na daftari lake. Alikuwa mtu wa ratiba, na habari ilikuwa imeshamfikia. Akamtazama Chrispine, akanitazama mimi, akakohoa.

"Madam, samahani. Jumapili ijayo tunaimba misa hii Migori, tumeshakodi basi. Watu wa fidla wanataka kujua ni nani atawaongoza. Na kama wimbo wa mwisho utakuwa na maneno hayo hayo."

"Nitaongoza mimi," nikasema. "Maneno nitawaletea mapya Alhamisi."

"Na beti ya peke yake?"

"Ya Beverly, akitaka."

Akaandika, akaenda. Tukabaki wawili.

"Sasa umefurahi?" Chrispine akaniuliza.

"Ndiyo."

Nadhani alitegemea nitasema hapana. Akainamisha kichwa. Upepo wa ziwani ulimpiga shati, lile shati lililopigwa pasi. Nilijua kovu la mgongo wake, na jinsi anavyolala kifudifudi, mkono mmoja umening'inia nje ya kitanda. Ndivyo mapenzi yanavyokutesa, yanakuachia vitu vya mtu hata baada ya mtu mwenyewe kwisha.

"Nilikuwa nakupenda kweli, Bhoke. Hilo sikuliiba."

"Najua."

"Nikija Migori Jumapili?"

"Kanisa halifungwi."

"Nikija, utaniongelesha?"

Nilitazama macho yale. Yalikuwa bado yanajua kazi yake. Nikavuta mkoba wangu begani, nikaenda kutafuta gari la Rongo.

*

Jumapili ya Migori kanisa lilijaa mpaka madirishani. Baba yangu, Mzee Mniko, ambaye hata siku moja hakuwahi kuelewa kazi yangu ni ya namna gani, alivaa koti la harusi yake, akaketi mbele na fimbo katikati ya magoti. Kwenye programu, iliyorudufiwa kwa haraka, wino ukiwa bado unachafua vidole, palikuwa na jina moja la mtunzi. Kwa herufi kubwa. Beverly alikuja. Hakunisalimia kwa tabasamu, lakini alisimama mahali pake, akanitazama akingoja ishara.

Nikapanda kwenye kijukwaa. Nilikuwa sijawahi kuongoza kazi yangu mwenyewe. Fidla zikainuliwa. Kwaya ikavuta pumzi.

Nyuma yangu mlango ukafunguliwa. Nikasikia viatu vile, mguu wa kulia ukiburuta kidogo, vikitembea sakafuni, vikisita, vikitafuta mahali. Kwenye benchi la mbele baba aligeuka kutazama, kisha akanitazama mimi.

Sikugeuka. Viti vyote vilikuwa vimejaa, na asubuhi ile ni mimi niliyewaambia wahudumu wasiongeze kingine. Nikashusha mkono, muziki ukaanza, na Chrispine Odira akausikiliza wote amesimama.